Sungura wangu ametoka kwenye upasuaji na hataki kula: nimwache apumzike au nimlishe?

Swali: Sungura wangu jike, mwenye umri wa miaka miwili na uzito wa kilo 2, aliondolewa mfuko wa uzazi na ovari jana asubuhi, nami nikamchukua jioni. Daktari alinipa dawa ya maumivu ya kumnywesha kwa bomba mara moja kwa siku, pamoja na unga wa chakula cha sungura wagonjwa. Tangu turudi nyumbani amejikunyata kwenye kona, hajala chochote ila jani moja la giligilani, na mshono wake unanitia hofu. Anaishi na dume aliyehasiwa zamani. Je, nimwache apumzike kwanza au nimlishe? Mshono niutunze vipi? Na je, nimtenge na mwenzake?

Jibu: Mlishe, na umlishe leo, baada ya kuhakikisha mambo mawili: kwamba tumbo lake halijavimba wala kuwa gumu, na kwamba daktari aliyempasua amepata habari kuwa hajala. Ninaanza na jambo hili, kabla ya mshono na kabla ya suala la mwenzake, kwa sababu wengi wanaouguza sungura kwa mara ya kwanza huukodolea macho mshono, ilhali kinachoamua kama mnyama huyu atapona vizuri ni utumbo wake. Paka au mbwa mzima wa afya aliyetoka kwenye nusukaputi anaweza kulala hadi siku ya pili akiwa amekula kidogo sana, na hakuna atakayeshtuka. Sungura hana nafasi hiyo.

Utumbo wa sungura umeumbwa kwa kazi isiyokatika. Chakula chake cha asili ni majani yenye nyuzinyuzi nyingi na lishe kidogo, kwa hiyo hulazimika kula kidogo kidogo mchana na usiku, na kile alichokula hupita kwenye mfuko mkubwa ulioko mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo bakteria huchachusha nyuzinyuzi na kuzigeuza kuwa nguvu ya mwili. Nyuzinyuzi zinazoendelea kuingia ndizo zinazousukuma utumbo ufanye kazi. Sasa mtazame mnyama aliyefanyiwa upasuaji: amepewa dawa za usingizi, pengine na dawa kali za maumivu ambazo nazo hupunguza mwendo wa utumbo, amesafiri, amekaa mahali penye harufu ngeni, tumbo lake limefunguliwa na kufungwa, na anaumwa. Kila kimoja kati ya hivyo huupunguzia utumbo kasi. Ukipungua kasi, chakula kilichomo hukauka, gesi hujaa, gesi huleta maumivu mapya, na maumivu hayo humfanya akatae kula zaidi. Akikaa bila kula kwa muda mrefu, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi na kuyarundika kwenye ini, na hapo ugonjwa ambao ungezuiwa kwa vijiko vichache vya uji huwa hatari kwa uhai wake. Ndiyo maana madaktari wanaowafahamu sungura hawawashindishi na njaa usiku wa kuamkia upasuaji kama wanavyofanyiwa wanyama wengine. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kumfungisha hakumkingi na lolote, na badala yake kunaupa utumbo mwanzo mbaya.

Kwa kawaida sungura anapaswa kuanza kutafunatafuna ndani ya saa chache baada ya kuzinduka. Muda wa saa 12 ukipita bila kula ni sababu ya kumpigia daktari simu, na siku nzima bila kula na bila kutoa kinyesi ni dharura. Kwa maelezo yako, umekwisha kupita mpaka wa kwanza. Hii haina maana kwamba hali imeharibika, kwani jani moja ni afadhali kuliko kutokula kabisa, lakini ina maana kwamba kusubiri uone kesho itakuwaje si chaguo tena.

Kabla ya kumlisha, mpapase tumbo. Mweke juu ya taulo sakafuni, pitisha kiganja chini ya mbavu pande zote mbili bila kukandamiza na bila kugusa mshono. Tumbo la kawaida hunyumbuka kama unga uliokandwa vizuri. Ukikuta limejaa, limekaza kama ngoma, na sungura amelegea au anahema kwa shida, usimlishe kwa nguvu, usimkande, usimpe dawa yoyote ya gesi kwa kubahatisha. Mpeleke kwa daktari mara moja, kwa sababu huenda njia ya chakula imeziba, na kuongeza chakula juu ya kizuizi kunaweza kumwua.

Ikiwa tumbo ni laini, endelea. Changanya ule unga na maji ya uvuguvugu mpaka uwe uji unaopita kwenye bomba la sindano bila kukwama, na bomba lenyewe liwe halina sindano, lenye mdomo mpana. Kiasi ambacho hutumiwa mara nyingi ni takriban mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani karibu mililita 100 kwa sungura wako, zikigawanywa katika milo minne hadi sita; hata hivyo fuata kipimo cha daktari wako na cha maelekezo ya pakiti endapo kinatofautiana na hiki. Usitegemee kumaliza kiasi chote siku ya kwanza. Mililita 10 zilizomezwa kwa utulivu ni bora kuliko 25 zilizoishia kwenye manyoya ya kidevu.

Namna ya kumshika ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mfunge kwa taulo miguu ya mbele ikiwa ndani, mwache akae kwa miguu yake minne mezani au mapajani, mgongo wake ukielekea tumboni mwako ili asirudi nyuma. Usimlaze chali kamwe: akiwa chali, uji huenda kwenye mapafu, na yeye mwenyewe huingia katika hali ya kuganda kwa hofu ambayo watu huidhania kuwa ni utulivu. Nyuma ya meno yake ya mbele kuna nafasi isiyo na jino lolote. Ingiza ncha ya bomba hapo kutoka ubavuni mwa mdomo, ukiielekeza upande wa shavu la pili wala si kooni, sukuma kiasi cha nusu mililita hadi mililita moja, kisha ngoja. Utaona taya likianza kuzunguka; hapo ndipo anatafuna, na baada ya kutafuna atameza. Usisukume tena mpaka taya lizunguke na kutulia. Akikataa katakata, akapiga kelele au kuanza kuhema kwa mdomo, acha, mpe dakika kadhaa, na ujaribu tena.

Sambamba na uji, mrahisishie kula mwenyewe. Weka nyasi kavu mpya mbele ya pua yake, si upande wa pili wa kizimba, kwa maana mnyama mwenye kidonda tumboni haoni sababu ya kutembea. Mpe fungu dogo la majani mabichi yenye harufu kali, kama giligilani, mnanaa au majani ya karoti, yakiwa bado na matone ya maji. Ikiwa amezoea chakula cha punje, weka chache karibu naye. Matunda na vitu vitamu usivitumie kumshawishi, hata kama anavipenda, kwa sababu sukari hubadilisha uwiano wa bakteria tumboni wakati ambapo tumbo tayari limeyumba. Maji yawe kwenye bakuli zito lisilopinduka. Sungura hunywa zaidi kwenye bakuli kuliko kwenye chupa ya kunyonya, na aliyefanyiwa upasuaji hapendi kujinyoosha kufikia chupa.

Sasa maumivu, kwa sababu mara nyingi ndiyo kiini cha kukataa chakula. Sungura ni windo, na windo linaloonyesha unyonge huliwa, kwa hiyo hataomboleza wala kuja kukulalamikia. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa sungura, na alama zake tano unaweza kuziona nyumbani bila kifaa chochote: macho yaliyofumba nusu au zaidi, mashavu yaliyobonyea, pua iliyochongoka badala ya kuwa ya mviringo, masharubu yaliyokakamaa, na masikio yaliyokazwa na kulazwa nyuma. Ongeza hapo kujikunyata kama ulivyoeleza, kuusukuma tumbo sakafuni, na kusaga meno kwa sauti kubwa. Mtazame ukiwa mbali kwanza, ikiwezekana kutoka mlangoni, kwa sababu ukimsogelea atajikaza na kukuficha.

Kama ndivyo unavyomwona, hakikisha kwamba kweli anaimeza ile dawa ya maumivu na haitemi, na kwamba hujampunguzia. Nakutana mara kwa mara na watu wenye huruma waliokata kipimo nusu kwa kuwa mnyama ni mdogo, na ninaelewa hofu yao, lakini meloksikamu, ambayo ndiyo hutolewa mara nyingi, huhitajika kwa sungura kwa kiwango kikubwa kwa kila kilo kuliko kwa mbwa au paka. Daktari ameshauzingatia udogo wake alipoandika kipimo. Ikiwa dawa imeingia yote na bado uso unaonyesha maumivu, mwambie daktari. Huenda akaongeza kipimo, akaigawa mara mbili kwa siku, au akaongeza dawa nyingine. Wewe usiongeze chochote kutoka kwenye kabati la dawa za binadamu. Na hapa kuna onyo ambalo naliomba ulishike kuliko mengine yote niliyoandika: usimpe sungura kwa mdomo amoksilini, ampisilini, penisilini au klindamaisini, hata kama mtu anakuambia kwamba mshono wa mnyama wake ulipona kwa dawa hiyo. Zikipitia mdomoni, antibiotiki hizi huua bakteria wema wa utumbo na kuwapa nafasi wale watoao sumu, na sungura anaweza kufa kwa kuharisha ndani ya siku chache. Zipo antibiotiki zinazomfaa, na daktari anazijua.

Kinyesi ndicho kitakachokuambia kama juhudi zako zinafanikiwa. Ondoa maranda au mchanga kwenye sanduku lake la haja, tandika karatasi au taulo nyeupe, na kila mara unapomlisha angalia kilichopo, kisha kiondoe ili wakati ujao ujue kipya ni kipi. Siku ya kwanza baada ya upasuaji punje huwa chache, ndogo na kavu, na hilo si la ajabu. Unachotafuta ni mabadiliko: kesho ziongezeke, keshokutwa zikaribie ukubwa wake wa kawaida. Ukizibonyeza zivunjike na kuonyesha nyuzi za majani ndani. Taulo nyeupe ina faida nyingine, nayo ni kuonyesha rangi ya mkojo. Mkojo wa sungura unaweza kuwa wa manjano, wa rangi ya chungwa, hata mwekundu kwa sababu tu ya rangi za mimea aliyokula, na watu wengi wamekimbia usiku kwa hofu isiyo na msingi. Lakini kwa jike aliyetolewa kizazi jana, matone mekundu yaliyojitenga na mkojo, mabonge, au damu iliyoganda kwenye manyoya ya nyuma yasichukuliwe kuwa ni mimea. Piga picha na umtumie daktari saa hiyo hiyo.

Kuhusu mahali pa kumlaza, mpe chumba kimya chenye mwanga hafifu, sakafu isiyoteleza, bila ngazi wala jukwaa la kurukia. Joto la kawaida la mwili wa sungura ni nyuzi 38.5 hadi 40 za Selisiasi, na baada ya nusukaputi huweza kushuka. Masikio yakiwa baridi kama chuma na mwili umelegea, mpe joto: chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa taulo, ikiwa upande mmoja tu wa kizimba, ili akishiba joto aondoke mwenyewe. Usimweke juu ya chupa moja kwa moja, kwani ngozi yake ni nyembamba na mnyama aliyezubaa hujiunguza bila kujitoa. Sungura aliyepoa mwili apashwe joto kwanza ndipo alishwe, kwa sababu utumbo uliopoa haufanyi kazi.

Mshono, basi. Uangalie mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa siku 10 hadi 14. Njia rahisi ni kumruhusu asimame kwa miguu ya nyuma akifuata jani huku wewe ukichungulia chini yake, au umpigie picha kwa simu kutoka chini, bila kumpindua. Ukilazimika kumnyanyua, mkono mmoja uwe kifuani na mwingine ubebe makalio yake, maana teke moja la miguu ya nyuma hewani linaweza kumvunja uti wa mgongo. Uvimbe mdogo ulio mgumu kidogo kando ya mshono, na wekundu hafifu siku mbili za mwanzo, ni dalili za kidonda kinachopona. Kingo zilizoachana, unyevu, usaha, harufu, joto linalozidi, au uvimbe unaokua kila unapoutazama, ni mambo ya daktari. Usipake spiriti, wala marhamu, wala dawa ya asili. Sungura atailamba, na pamoja nayo ataulamba mshono. Madaktari wengi hushona chini ya ngozi kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, kwa hiyo usishangae usipoona uzi wowote.

Kola ya plastiki ya kuzuia kulamba isiwe jambo la kwanza kufikiria. Sungura hula baadhi ya kinyesi chake kile laini moja kwa moja kutoka nyuma, na kwa kufanya hivyo hujipatia vitamini na protini. Kola humzuia, humtia kiwewe, na mara nyingi humwachisha kula kabisa. Akiusumbua mshono kweli, muulize daktari kuhusu vazi laini la kitambaa linaloziba tumbo. Kulamba kidogo kwa usafi si kuutafuna uzi. Na mfungie ndani, dirisha likiwa na wavu, kwa kuwa nzi hutaga kwenye kidonda chenye unyevu na kwenye manyoya yenye kinyesi, na mayai yake huanguliwa ndani ya siku moja au pungufu.

Mwenzake usimwondoe kabisa. Kutenganishwa ni huzuni kwa wote wawili, na sungura waliotengana kwa siku nyingi wanaweza kukutana kama wageni na kupigana, hasa mmoja akiwa ananuka hospitali. Hofu ya mimba haipo hapa. Hofu iliyopo ni kwamba dume, hata aliyehasiwa, anaweza kumpanda au kumkimbiza, na jike mwenyewe bado ana homoni mwilini zitakazochukua wiki kadhaa kuisha. Waweke katika vizimba viwili vilivyopakana, wavu ukiwa kati yao, walale wakiegemeana wakitaka, na ubadilishane mataulo yao kila siku. Ukiwa umeketi hapo hapo, waweza kuwakutanisha kwa muda mfupi. Kama dume anamlamba kichwa na kukaa kando yake, waache, kwani nimeona majike waliokataa kila kitu wakianza kula kwa sababu tu mwenzao anatafuna nyasi ubavuni mwao. Akionyesha dalili ya kumpanda, rudisha wavu.

Ukishaona anakula nyasi mwenyewe na punje za kinyesi zinarudi, punguza uji hatua kwa hatua badala ya kuukata ghafla, na mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, kwa sababu sungura anaweza kuonekana anakula kumbe anachezea chakula. Usimruhusu kurukaruka mpaka daktari auone mshono.

Ukipiga simu leo, uwe na majibu tayari: saa aliyopewa dawa ya maumivu mara ya mwisho na kiasi alichomeza, idadi na ukubwa wa punje za kinyesi tangu jana jioni, hali ya tumbo ulipolipapasa, na joto la masikio yake. Kisha uliza kama anahitaji maji ya chini ya ngozi na dawa ya kuamsha utumbo, kwa kuwa mambo hayo mawili hayawezekani kufanywa nyumbani bila maelekezo, na yakifanywa mapema huwa mepesi. Akikuambia umlete, mpeleke pamoja na nyasi alizozoea kwenye boksi lake, na ikiwezekana mwenzake pia.